Nilipanda twiga kwenda ukweni

Kuna mambo mawili ambayo mwanaume hashauriwi kuyafanya siku moja: kupanda ndege akiwa hajala kitu, na kwenda kwa wakwe kwa mara ya kwanza. Mimi niliyafanya yote mawili siku ya Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, nikiwa na begi dogo, doti mbili za vitenge vya mama mkwe na blanketi zito la baba mkwe ambalo nilikuwa nimelikumbatia kama mtoto kwa sababu halikuenea kwenye begi.

Mchumba wangu ni mtu wa Arusha. Anafanya kazi kwenye kampuni moja ya utalii pale mjini, na mimi niko Dar, benki. Miaka miwili mapenzi yetu yamekwenda kwa simu, kwa basi na kwa ndege. Basi la alfajiri likitoka Dar linakushusha Arusha jioni, umepita Chalinze, Segera, Korogwe, Same na Moshi, na miguu imevimba. Ndege ni kama saa moja tu hadi KIA. Ndiyo maana tulikuwa na mpango ambao sisi wenyewe tuliuona wa kisasa sana: tukioana kila mmoja abaki na kazi yake, halafu tuwe tunakutana wikiendi mbili kwa mwezi. Kilichobaki ilikuwa ni mimi kwenda kujitambulisha kwa wazee wake, Akheri, kule juu ya Tengeru, miguuni mwa Mlima Meru. Mshenga na barua ya posa vingefuata baadaye.

Alinionya mapema. “Baba alikuwa fundi wa ndege. Usijifanye unajua ndege.”

Basi, nikapanda ndege ya Air Tanzania, ile yenye twiga mkiani. Kama hujawahi kuruka kwenda Kilimanjaro chukua ushauri huu wa bure: ukitokea Dar omba kiti cha dirishani upande wa kulia, na ukirudi omba cha kushoto. Mlima utauona umekaa juu ya mawingu kama mtu aliyevuta kiti akaketi peke yake. Rubani akitangaza, utaona watu wazima na tai zao wanavyopandiana mabegani na simu mkononi.

KIA wengi wetu tunaiona kama kituo cha kushukia tu, lakini ukikaa ukafikiria, ni uwanja wenye visa. Ulifunguliwa Desemba 1971 katikati ya pori la Sanya, si Arusha si Moshi, ili miji yote miwili iutumie. Mpaka Arusha mjini ni kilomita 46 hivi. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, inapokea madege makubwa kutoka Ulaya yaliyojaa wazungu wa kupanda mlima. Na usiuchanganye na ule uwanja mdogo wa Kisongo, upande wa pili wa mji, ambako vindege vya abiria kumi na kitu vinaondoka kwenda Serengeti na Zanzibar. Wakati uwanja huu wa KIA unajengwa, Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza ya mwaka 1967, na waliopanga waliamini kwamba hapa ndipo patakuwa kitovu cha nchi tatu.

Mchumba wangu alinipokea na gari la kuazima. Tukashika barabara: King'ori, Kikatiti, Maji ya Chai (mto wenyewe kweli una rangi ya chai ya rangi, sikuwahi kuamini mpaka nilipouona), Usa River, halafu Tengeru na soko lake. Ukiingia Tengeru unaanza kusikia baridi ya mlima shingoni. Tukaacha lami, tukapanda kwenye migomba na mibuni, maji yanatiririka kwenye mifereji pembeni ya njia. Dada zangu wa Dar mnaolalamika kuhusu joto, huku mwezi wa saba watu wanalala na soksi.

Baba mkwe alikuwa amekaa barazani. Mrefu, amevaa koti la suti juu ya sweta, miwani mizito. Nikainama. “Shikamoo baba.”

“Marahaba kijana. Umekuja na ndege gani?”

Sio habari za safari, sio wazee hawajambo. Ndege gani! Nikamwambia ni ya Air Tanzania. “Najua ni Air Tanzania. Nauliza aina gani. Ya mapangaboi au ya jeti?” Nikajibu ya mapangaboi. “Hiyo ni Q400. Ya Mkanada. Karibu ukae.”

Nadhani hapo ndipo nilipopasi mtihani wa kwanza.

Tukaletewa loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, ambayo mtu wa pwani anahitaji moyo kuizoea, halafu ndizi na nyama ambazo hazihitaji moyo wowote. Mama mkwe akapokea vitenge, mzee akalipapasa blanketi na kusema “hili ni la kweli”. Mambo yakaenda vizuri mpaka pale alipouliza swali ambalo tulikuwa tumelifanyia mazoezi kwenye simu.

“Mkishaoana mtaishi wapi?”

Nikamweleza mpango wetu wa wikiendi mbili. Nikaongeza kwa kujiamini kwamba siku hizi ndege ni nyingi, serikali imenunua mpya, mambo si kama zamani. Mchumba wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilikuwa nimechelewa.

Mzee akavua miwani. Akamwomba mama amletee kahawa, ya shambani kwake, na yaliyofuata yalichukua muda mpaka jua likazama nyuma ya Meru.

Simba kabla ya twiga

Alianza kazi mwaka 1970, kijana wa miaka ishirini, katika karakana za East African Airways pale Embakasi, Nairobi. Shirika lile lilianza kuruka mwaka 1946, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, na alama yake ilikuwa simba. Lilikuwa na Fokker Friendship za safari fupi, DC-9, na Super VC10 zilizokuwa zinakwenda mpaka London. Akitaja VC10 mzee anabadilika sura. Anasema ilikuwa inapanda kama imetumwa. Aliniambia pia kuhusu ile iliyoanguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 wakati inajaribu kuruka, watu 43 wakafa, na jinsi karakana nzima ilivyokaa kimya siku ile, hakuna aliyegonga hata nati.

Nairobi alikuwa na mchumba. Nesi, msichana wa Machakos. Hili mke wake analijua, alikuwa amekaa palepale anamenya maharage na wala hakuinua uso.

Krismasi ya 1976 mzee akaja nyumbani Meru likizo, kuwaambia wazazi wake kwamba anataka kuoa. Vifaa vyake vya kazi aliviacha kabatini Embakasi, na suti yake nzuri aliiacha kwa yule binti. Wakati huo nchi tatu zilikuwa zimeshachokana. Zinabishana juu ya fedha za shirika, nani anadaiwa, nani analipa. Mwanzoni mwa 1977 East African Airways ikasimama. Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Na tarehe 11 Machi 1977 likazaliwa Air Tanzania Corporation, na simba akawa twiga.

“Likizo yangu ilikuwa ya wiki tatu,” mzee alisema. “Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983.”

Barua alipata mbili, zilizobebwa na watu waliozunguka nchi nyingine. Ya tatu haikufika, au haikuandikwa, hajui. Baadaye akasikia kwamba ameolewa. Hakuna aliyemkosea mwenzake, kijana, alisema, ni marais tu walikuwa hawasalimiani. Marais wenyewe, Nyerere, Moi na Obote, walikuja kukutana hapahapa Arusha Novemba 1983 kupatana, na mwaka uliofuata wakatia saini hapahapa mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya. Yale majengo unayoyaona pale mjini, AICC, yalijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya hiyo. Jumuiya ikafa, majengo yakawa ya mikutano, baadaye yakapokea mahakama ya kesi za mauaji ya Rwanda. Jumuiya mpya ilifufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999 na sasa ina jengo lake jipya palepale jirani. Mchumba wangu hupita hapo kila asubuhi akienda kazini. Sikujua kwamba hawezi kupita bila kufikiria suti ya baba yake.

Mama mkwe na mbingu

Mzee alihamia Dar, akaajiriwa na shirika jipya. Baadaye akamwoa mama, binti wa hapa Meru, na yeye akabaki Akheri kulea watoto na mibuni. Miaka zaidi ya ishirini. Yeye Dar, mama huku. Anakuja ndege ikiwa na nafasi.

Mpaka hapo nilidhani nina hoja. Nikasema kwa upole, mbona ninyi mliweza?

Ndipo mama mkwe akaongea kwa mara ya kwanza. “Mwanangu, mimi nilikuwa naangalia juu. Siku isiyo na mawingu unaiona ndege ikishuka kule Sanya. Naweka maji ya kuoga jikoni. Jioni ikifika hajaja, namwaga.” Akaendelea na maharage yake. “Nimemwaga maji mengi.”

Jamani.

Baada ya hapo historia ya shirika niliyoipata kwa mzee sikuisikia tena kama historia. Alikuwa anahesabu maji ya mama. Februari 1982 Boeing 737 ya Air Tanzania iliyokuwa inatoka Mwanza kwenda Dar ilitekwa na vijana waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, hadi Stansted kule Uingereza, ndipo watekaji wakajisalimisha. Mama alisikia redioni kwamba ni ndege ya Air Tanzania, hakuambiwa nani yumo, na mumewe alikuwa anasafiri sana Mwanza kikazi. Hakuwemo. Alikuja kujua baada ya siku tatu.

Miaka ya tisini ikaja ndoto ya Alliance Air, Tanzania na Uganda pamoja na South African Airways. Ndege za mbali, matangazo mazuri. Mwaka 2000 ikafa. Mwaka 2002 serikali ikawauzia South African Airways asilimia 49 ya Air Tanzania kwa dola milioni 20, ndoa ambayo ilivunjika mwaka 2006, serikali ikazirudisha hisa zile kwa dola milioni 1. (Mzee anasema hajawahi kuona mahari inayoshuka bei namna hiyo.) Yeye alikuwa ameshastaafu mwaka mmoja kabla. Desemba 2008 mamlaka ya usafiri wa anga ikasimamisha cheti cha kurusha ndege, kikarudishwa mwezi uliofuata. Kufikia 2016 shirika la taifa lilikuwa na ndege moja tu inayoruka. Moja! Wakati huohuo Precision Air, iliyoanzishwa hapahapa Arusha miaka ya tisini mwanzoni na mzee Michael Shirima, ikiwa imejaza anga.

Nikamkumbusha kuhusu Magufuli. Hapo sura yake ikalainika, kwa sababu fundi ni fundi. Septemba 2016 zilikuja Q400 mbili. Julai 2018 ikaja Dreamliner, Boeing 787-8. Desemba 2018 ikaja Airbus A220, na Air Tanzania ikawa shirika la kwanza Afrika kuipokea ndege ya aina hiyo. Mwaka 2023 zikaongezeka Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX. Siku Dreamliner inatua mzee alikuwa mbele ya televisheni toka asubuhi na hakutaka mtu aongee.

“Lakini ndege si ndoa,” akasema, halafu akacheka mwenyewe kwa sababu ndicho tulichokuwa tunabishania. Ndege kununua ni rahisi, alieleza. Kazi ni kuitunza. Ndege ni mali ya Wakala wa Ndege za Serikali, Air Tanzania inazikodi, na inatakiwa ilipe kodi, mafuta, marubani, vipuri, bima, na bado ishindane na wenzake kwa bei. Injini za zile A220 zilisumbua duniani kote, na mwishoni mwa 2022 shirika likalazimika kuzilaza baadhi, ratiba ikapanguka. Agosti 2019 moja ilizuiliwa Johannesburg kwa deni la serikali kwa mkulima mmoja, deni lisilohusu shirika hata kidogo, mpaka Septemba ndipo mahakama ikaiachia. Ripoti ya CAG ya 2023/24 ilionyesha hasara ya shilingi bilioni 91.8. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaiweka Air Tanzania kwenye orodha ya zisizoruhusiwa kuruka kwenye anga lake, na Juni 2025 ukayajumuisha mashirika yote ya Tanzania.

Ana gazeti la kila moja ya siku hizo, amelikunja ndani ya Biblia kubwa. Usidhani analichukia shirika. Alikuwa akitaja hasara kama mzazi anayetaja alama za mtoto anayempenda.

Nilitaka kubisha, nikakumbuka usiku mmoja mwaka jana. Shirika silitaji, na wala sio kosa la shirika moja. Nilikuwa KIA narudi Dar, safari ikasogezwa saa mbili, halafu saa nne, halafu kesho. Mchumba wangu alikuwa ameshaondoka na teksi. Tulikuwa tumegombana njiani, jambo dogo kabisa, na nilipanga nimpigie nikifika. Simu ikazima chaji. Asubuhi nilipoiwasha nilikuta ujumbe kumi na saba, na wa mwisho ulikuwa unasema “sawa, nimeelewa”. Ilituchukua mwezi kupatana.

Twiga wenyewe

Jumamosi tulikwenda Momella, mimi na yeye, kama mapumziko ya akili. Kama uko Arusha na mwenza wako na huna bajeti ya Serengeti, nenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kutoka mjini ni safari fupi, unakata kona Usa River, na ndani kuna kreta ya Ngurdoto, maziwa ya Momella yenye heroe, mbega weusi kwa weupe wanaoruka juu ya miti, na uwanda mdogo wa nyasi unaoitwa Serengeti Ndogo. Filamu ya Hatari! ya John Wayne, ya mwaka 1962, ilipigwa maeneo haya. Ukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki unaruhusiwa kutembea kwa miguu. Wenye pumzi wanaupanda Meru wenyewe, mita 4,566, siku tatu au nne, wanalala Miriakamba kisha Saddle. Sisi pumzi zetu zilikuwa zimebaki Akheri barazani.

Twiga walikuwa saba, wanakula migunga kama hatupo. Askari akatuambia tusimame. Tukasimama kama mita thelathini hivi. Mmoja akainua kichwa, akatutazama kwa dharau ile ya kwao, halafu akaendelea kutafuna. Nyuma yake Meru umefunguka wote bila wingu.

“Baba alikuwa anakuja na huyu,” mchumba wangu akasema. “Nikiwa mdogo nilikuwa najua baba anakaa ndani ya twiga.”

Tukanyamaza. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia kwenye simu miaka miwili. Kwamba mpango wa wikiendi mbili ulikuwa wangu, yeye aliukubali kwa sababu aliogopa nikiambiwa nichague nitachagua Dar. Kwamba alikuwa tayari kuacha kazi na kunifuata, ila hakutaka kuwa mtu wa kufuata. Na kwamba jana, mama yake alipoongelea yale maji, alitoka nje kwenda kulia kwenye migomba, na sio kuangalia ng'ombe kama alivyosema.

Mimi nilikuwa nimeona macho yake mekundu. Nilidhani ni moshi.

Jumapili mzee alinisindikiza mpaka kwenye gari. Hakuuliza tena tutaishi wapi. Aliuliza kiti changu ni namba ngapi, nikamwambia, akafikiri kidogo. “Hiyo ni kushoto. Mlima utauona.” Akanipa kilo mbili za kahawa za mama yangu, na kwa kwetu hiyo ni ishara nzuri.

KIA tuliagana bila kugombana. Ndege iliondoka kwa wakati, niseme ukweli wake. Ilipopinda baada ya kuruka nikatazama chini upande wa Tengeru nikijaribu kulitafuta bati la nyumba yao. Sikuliona, mabati ni mengi na migomba ni mingi.

Jumatatu nikaandika barua kazini, naomba kuhamishiwa tawi la Arusha. Bosi wangu akauliza kama naijua tofauti ya marupurupu. Nikamwambia naijua. Hadi naandika haya sijajibiwa, na tiketi ya Ijumaa ijayo nimeshakata, kiti cha kulia. Nimempigia mama mkwe kumwambia naja. Akaniuliza saa ngapi aweke maji.